Mtafsiri wa Banda la Igogo

Mtafsiri wa filamu katika banda la video la Igogo alikaa kando ya televisheni, maiki mkono mmoja, leso mkono wa pili. Kabla ya kuanza alikohoa mara mbili na kunywa maji ya vuguvugu. Tuliipenda zaidi ile ya shujaa anayeruka, ingawa kamba iliyomning'iniza ilionekana wazi. "Mama yake ndiye kaifunga," alisema mtafsiri, "asije akadondokea ziwani." Banda zima likacheka. Mwishoni shujaa alipomwinamia baba yake mgonjwa, mtafsiri alishusha sauti: "Shikamoo baba. Nimechelewa." Wanaume wazima walijifuta macho.

Niliporudi likizo kutoka chuo kikuu, nilimsahihisha mbele ya watu. "Braza, hapo hamsalimii baba yake. Anasema hatamsamehe."

Akanitazama. "Kwa hiyo mzee afe hivyo hivyo, bila kusalimiwa?"

"Ndivyo filamu inavyosema."

Akaikunja leso taratibu, akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo alitafsiri neno kwa neno, akinitupia jicho kila baada ya sentensi kama mwanafunzi. Hakukohoa tena, wala hakuchekesha. Watu wakahamia banda jingine, na kabla likizo yangu haijaisha, lile lake lilifungwa.

Jana, nyumbani kwangu Buswelu, niliitazama tena filamu ile peke yangu. Kamba bado inaonekana. Shujaa akainama, akasema hatamsamehe, na mzee akafa hivyo hivyo. Nikairudisha nyuma kidogo, nikazima sauti, nikakohoa mara mbili.