Simu Iliyopewa Siri ya Beberu

Kwa fundi simu hapa Korogwe, mama mmoja wa Dindira alileta simu ya mfumo wa Linux aliyoletewa na mwanawe, akakaa benchini kando yangu.

“Mama, hii haikuja na programu za kukuchunguza,” fundi alimwambia. “Iulize kwa sauti, itakujibu, na maneno yako yatabaki humo humo.”

Mama akaguna. Huku kwetu mgeni hupewa kwanza siri ndogo, kisha watu husubiri kuona kama itarudi kupitia sokoni. Akaifunika simu kwa khanga, akanong'ona: “Nauza beberu wangu mwekundu.”

Wiki iliyofuata nilimkuta pale pale, anatabasamu. “Soko zima hakuna aliyeniulizia beberu. Hii ina adabu.”

Simu imefaulu. Ila mama hakumpima aliyekaa naye benchi moja, na sasa nyote mnajua.