Nilipopiga Marufuku Nyimbo Nyumbani

Nakumbuka asubuhi moja shambani Mchombe, mpunga umeiva, nami nafukuza ndege kwa kupunga kanga, mdomo nimeufunga. Mwanangu, nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba na mama walikuwa wamefariki mwaka huohuo, shule nimeacha, wadogo zangu watatu wananitazama mimi. Nikapiga marufuku nyimbo nyumbani, hata za kubembelezea, watu wasije wakasema tumewasahau wazazi mapema.

Asteria, kitinda mimba wetu wa miaka minne, akaacha kusema kabisa. Zahanati walimpima masikio na koo, wakasema yuko mzima. Niliogopa kwamba naye nimempoteza.

Asubuhi hiyo Mama Skola, jirani yetu wa shamba, alinitazama akacheka.

"We binti, unafukuza ndege au unawapungia mkono?"

"Shikamoo, mama. Nawafukuza."

"Marahaba. Kwa kununa hivyo? Watamaliza mpunga! Piga debe, imba!"

"Mama, sisi tuna msiba."

"Najua. Mama yako tumelima naye hapa, akiimba mpaka sauti inakauka. Nani kakutuma umzike na nyimbo zake?"

Asteria nilikuwa nimekuja naye, amekaa tuta la jirani. Mama Skola akamkalisha mbele ya debe, akampa fimbo, akaanzisha wimbo wa kuwatukana ndege. Mtoto akapiga ovyo, kisha akaushika mdundo. Siku ya tatu midomo ilianza kucheza. Siku ya nne akapaza sauti, "Nendeni kwenu, walafi!" Nikakaa chini palepale, nacheka huku nalia.

"Dada, na wewe imba," akasema.

Nikaimba vibaya, lakini kwa nguvu.

Tangu hapo sijanyamaza. Wanangu niliwaimbia wakiwa na homa, wakatulia. Mwaka jana mdogo wangu Fidelis alipata kiharusi. Maneno yakampotea, lakini wimbo wa kwaya akauimba hadi mwisho. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini akatufundisha kuutumia: aombe maji kwa kuimba, atembee kwa kufuata mdundo. Sasa anatutania kama zamani, na anajua kuudhi!

Kwa hiyo, mwanangu, mgonjwa mpeleke hospitali, dawa anywe, lakini mwimbie pia. Kijana wako akijifungia na muziki wake, usiuzime kabla hujamsikiliza. Mzee muombe nyimbo za ujana wake. Na ukifiwa, lia, kisha imba; hutakuwa umemsahau mtu.

Mungu akupe pumzi ndefu, na watu wa kukuitikia.