Picha Yangu ya Uwanja Mwekundu

Mwenyekiti wa wazee wenzangu hapa Agincourt, mtaa wetu wa ughaibuni, aliponiomba niwasimulie ziara yangu ya Moscow, nilipaswa kukataa, kwa sababu sijawahi kufika huko. Lakini sebuleni kwangu imetundikwa picha yangu ya ujanani, nimesimama Uwanja Mwekundu, na mjukuu wangu Zuhura alichagua kusoma historia chuo kikuu kwa ajili ya picha hiyo. Nikakubali.

Wiki nzima nilisoma vitabu vya maktaba. Siku ilipofika nikaeleza jinsi uwanja ule ulivyokuwa soko, jinsi magwaride yalivyopita baadaye, na jinsi baridi ilivyonikata masikio. Zuhura alikaa mbele akiandika kila neno. Picha ikapita mkono kwa mkono hadi kwa Mama Filomena, Mgoa wa Tanga, ambaye marehemu baba yake alikuwa mpiga picha.

"Mzee Saidi," akasema, "theluji yote hiyo, nawe umevaa ndala?"

"Nilikuwa kijana mkakamavu, mama."

"Mkakamavu wapi! Hili ni pazia lililochorwa la studio ya baba. Hapa kwenye kuba nilitia kiraka mwenyewe, panya walipolitafuna."

Ukumbi ulicheka, nami nikacheka nao, mpaka nilipomwona Zuhura anafunga daftari lake.

Wazee wamenisamehe. Zuhura haniamini tena. Sasa nikimsimulia jambo, hata la kweli tupu, huniuliza kwa upole, "Babu, nani mwingine alikuwepo?"