Taa za Buluu kwa Mama Mkwe

Nilizishona taa zile kwa mkono, na mpaka leo sijui ni nini kilichonifanya niamini kwamba fundi wa suti anaweza kuingilia nyaya za gari. Kazi yangu ni cherehani. Nina kibanda mtaa wa Manyatta, hapa Kisumu, nashona sare za shule, makoti ya harusi na kanzu za kwaya. Ule mkanda wa taa nilipouona dukani, utepe laini umejaa vitaa vidogo kama shanga, niliona lesi. Nikajiambia, lesi nimeshona tangu ujana wangu, hii itanishindaje? Hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Sababu ilikuwa mama mkwe. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufunikwa na ukungu mweupe, na la kulia lilikuwa linafuata. Anaishi kando ya ziwa, mwendo wa karibu saa nzima kutoka Kaloleni tunakopanga. Maisha yake yote ameanika omena, wale dagaa wa ziwani, na kuziuza, na sasa alikuwa anazipapasa ili kuzitenga na mchanga. Hospitali ilikuwa imetuambia kwamba daktari wa kupasua macho huja kwa muda mfupi tu kisha huenda zake, na kwamba tukizidi kuchelewa mama angebaki gizani kabisa. Akapangiwa siku. Siku ilipofika, alikataa kutoka nyumbani.

"Mama anasema nini?" nilimuuliza mke wangu.

"Anasema gari yako iko na giza huko ndani. Ile siku ingine aligonga mguu, hakuona pa kukanyaga."

Mama mkwe haongei nami moja kwa moja. Si ugomvi. Yeye ni Mjaluo wa zamani, mimi ni Mluhya wa Bungoma, na pande zote mbili mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Siku hizi naona vijana wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Sisi tuna miaka kumi na moja ya kusalimiana kila mtu akiangalia mlango. Tena Kiswahili chake ni kidogo, na Kijaluo changu ni cha kununulia samaki. Neno lake hupitia kwa binti yake, na langu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Akipanda gari langu hukaa nyuma kushoto, mbali kabisa na usukani, nami hugeuza kioo cha ndani kiangalie paa ili nisikutane na uso wake. Kusema kweli uso wake sikuujua. Nilijua kitambaa chake cha kichwa na viatu vyake.

Basi ujumbe ulipokuja kwamba gari lina giza, sikuuliza mara ya pili. Ningemuuliza nani? Tulipewa siku nyingine, wiki mbili mbele, ya mwisho kabla ya daktari kuondoka. Nikaona kazi yangu ni moja tu, kuondoa giza.

Nilinunua mkanda wa taa nyeupe. Nilipoujaribu kwa betri ukawaka buluu. Nikaurudisha dukani, muuzaji akanitazama kwa huruma.

"Hiyo ndiyo white ya siku hizi, mzee."

"Hii ni buluu."

"Ukizoea itakuwa white."

Nilitoka pale nikiwa sina hakika ni nani kati yetu alistahili kupelekwa kwa daktari wa macho.

Nilipima gari kwa ile futi yangu ya shingoni, nikachukua mkasi, nikakata mkanda pale palipolingana na kiti. Kipande nilichokikata kikawaka hadi karibu na mwisho, vitaa vya ukingoni vikafa. Nikapunguza kidogo, vikafa vingine. Siku ya tatu ndipo nilipoona, baada ya kila taa ya tatu, alama ndogo ya mkasi iliyochapwa katikati ya vidoa vya shaba. Kumbe mkanda huo hukatwa hapo tu, si mahali fundi anapopenda. Nilikasirika kweli. Nimekata kila aina ya kitambaa na hakuna hata kimoja kilichowahi kuniamuru nikate wapi.

Gundi nayo ilishika asubuhi, na saa nane mchana, gari likiwa limesimama juani, mkanda wote ulikuwa umelala sakafuni. Joto la Kisumu halina mchezo. Hapo nikarudi kwenye ninachokijua. Nilichukua sindano nene ya makoti na uzi wa nailoni, nikaushona kwenye zulia la gari: chini ya viti vya mbele, kando ya kila mlango, na mistari miwili pale miguu ya mama mkwe inapokaa. Mishono yangu ilipita juu ya mkanda, kati ya taa na taa, bila kuutoboa. Ilikuwa kazi safi, naisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyeisifu.

Umeme ndio ulionitoa jasho. Nilitaka taa ziwake mlango ukifunguliwa na zizimike ukifungwa. Ziliwaka nilipokanyaga breki. Nikabadilisha waya, zikaanza kufuata indiketa, zinawaka, zinazima, zinawaka. Mke wangu alitoka nje na sufuria mkononi, akasimama akiangalia.

"Baba watoto, umefanya gari ikae kama disco. Mama ataingia humo akiomba."

Mwishowe nilikubali kushindwa, nikapeleka gari kwa fundi wa nyaya. Aliinama chini ya dashibodi akacheka peke yake kwa muda. Kisha akanieleza polepole kwamba waya mwekundu unachukua moto, yaani umeme, kwenye fyuzi, na mweusi unakwenda kwenye kile kitufe kidogo kilicho kwenye fremu ya mlango. Mlango ukifunguka kitufe kinatoka, taa zinapata njia. Niliitikia kwa kichwa kana kwamba nimeelewa.

"Lakini hii kitufe ya mlango wa nyuma kushoto imechoka," alisema. "Itakwama siku moja, taa ikatae kuzima. Tubadilishe."

Nilifungua mlango ule nikaufunga mara tatu, taa zikatii mara zote tatu. Nikaona ananitafutia kazi nisiyohitaji, nikamshukuru nikaondoka.

Mkwe halali kwa mama mkwe, kwa hiyo mke wangu alitangulia jioni, nami nikafika na gari siku yenyewe saa kumi na moja alfajiri. Bado kulikuwa na giza. Kina mama wanne wa jirani walikuwa wamekuja kumwombea na kumsindikiza. Maombi yalipokwisha, mke wangu alimshika mama yake mkono, akamleta hadi garini, akafungua mlango wa nyuma.

Gari zima likawaka buluu. Nilifurahi, siwezi kuficha. Wiki mbili za sindano zilikuwa zimefika mahali pake, na kwa furaha ile nikasahau adabu zangu zote, nikageuka kwenye kiti nione kama anaona pa kukanyaga. Badala ya miguu nikauona uso. Alikuwa ameinama mlangoni, jicho moja limefunikwa na ule ukungu, jingine limenikazia mimi. Sikujua nifanye nini nao, nikaendelea kuangalia. Nyuma yake mmoja wa wale kina mama aliguna. Mama mkwe aliutoa mguu wake garini, akageuka, akarudi nyumbani kwake na kufunga mlango.

Mke wangu alimfuata. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

"Anasema taa zizimwe."

"Si ni yeye alisema giza?"

"Zima tu."

"Lakini ni yeye nilimshonea!" Nilipaza sauti, na hilo linaniaibisha hadi sasa.

Alinisogelea hadi dirishani, akaongea chini kwa chini. "Sikiza. Hii miaka yote ameingia kwa hii gari kwa sababu iko giza. Kwa giza wewe hauko na yeye hayuko. Sasa umemwasha kama duka, umegeuka unamwangalia macho, na majirani wako hapo wanaona nyinyi wawili."

Nilishuka garini. Na kosa hilo lilitoka kwangu mimi, mtu wa Bungoma, ambako mwanamume akimwona mama mkwe wake njiani anaingia katikati ya mahindi mpaka apite. Nilijua heshima hiyo kabla sijajua kushika sindano. Nilikuwa nimeshughulika na taa kiasi kwamba sikujiuliza zitamulika nini.

Nikaenda kufunga mlango wa nyuma. Taa hazikuzima. Nikaufungua, nikaupiga kwa nguvu, nikakibonyeza kile kitufe kwa kidole, nikakitukana. Hakikutoka wala hakikuingia. Fundi alikuwa amesema, lakini kujua hivyo hakukunisaidia. Hospitalini wagonjwa walitakiwa kuwa kwenye foleni kabla ya saa moja. Nilipiga magoti kwenye zulia, nikaushika mkanda kwa mikono miwili nikauvuta, na mishono yangu yote ikakatika mmoja mmoja, mpaka waya ukachomoka na gari likawa jeusi.

Muda si mrefu nilisikia viatu vyake. Niliangalia mbele kama inavyotakiwa. Aliingia bila kupapasa, akakanyaga palepale panapofaa, akakaa. Hakugonga kitu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi, maana kama giza halikuwa tatizo leo, halikuwa tatizo hata siku ile, na sasa sikujua tena mtu huyu alikuwa amekataa nini.

Tuliendesha hadi soko la Otonglo, kabla ya kuingia mjini. Mke wangu aliniomba nisimame anunue maji, akashuka, akaelekea upande wa vibanda ambako watu walikuwa wanapakua mizigo. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja tukabaki wawili tu, mimi na mama mkwe. Nilishika usukani ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Baba," ilisema sauti ya nyuma.

Niliangalia nje kama kuna mtu mwingine anayeitwa. "Ndiyo, Mama."

"Hiyo kisu ya macho. Watakata kama mimi naona?"

Nilijua wanatia dawa ya ganzi, nilikuwa nimesikia hivyo, lakini kama anayekatwa anaona kisu kikija, hilo sikuwahi kumuuliza mtu. Nilikuwa nimetumia wiki mbili kujifunza habari za fyuzi.

"Wewe ni mtu ya sindano," alisema. "Ambia mimi ukweli. Huyu msichana wangu anasema hakuna shida, hakuna shida. Mimi naogopa."

Basi ni hilo tu. Siku ya kwanza alikuwa anaogopa, na mtu mzima hawezi kumtuma binti yake kwa mkwe na ujumbe wa woga, kwa hiyo akalituma giza. Nami nikalipokea, nikaenda kulitafutia dawa. Nilimhurumia.

"Sijui, Mama," nilisema. "Sijui kama unaona. Hata mimi naogopa. Lakini nitakaa hapo kwa mlango mpaka utoke."

Akarudia, "Hapo kwa mlango."

"Hapo hapo."

Mke wangu alirudi na maji, tukageukia kila mtu dirisha lake kama watu waliofanya kosa. Nilikaa kwenye benchi la hospitali, mlangoni pa chumba cha upasuaji, mpaka akatolewa kwenye kiti cha magurudumu, jicho la kushoto limefungwa bandeji. Walimlaza, nasi tukaambiwa turudi kesho yake.

Siku iliyofuata bandeji ilipokuwa inafunguliwa, dirisha lilikuwa wazi na jua limejaa chumbani. Nilisimama pembeni, nikageukia ukuta, nikaanza kusoma bango la kunawa mikono. Nilimsikia muuguzi akiuliza anaona vidole vingapi, nikamsikia mama mkwe akitaja vitatu, kisha viwili, kisha akataja rangi ya nguo ya binti yake. Mke wangu alianza kulia. Mama mkwe alimwambia neno kwa Kijaluo, na sikulishika. Nikamsubiri mke wangu anieleze, kama kawaida yetu.

"Anasema ugeuke," mke wangu alisema. "Anasema anataka kuona ni nani alikuwa anamjibu kwa gari."

Nilidhani nimesikia vibaya. Sikujua kama ni ruhusa au ni mtihani, na hapakuwa na mtu wa kwetu wa kumuuliza. Nikavua kofia, nikageuka, na sikujua niangalie wapi, kwa hiyo nikamwangalia yeye.