Shemeji Alizisoma Kurasa Zile

Mtaani walimwita Sponji, kwa sababu alikuwa fundi wa makochi na nywele zake hazikukosa vipande vya sponji, hata siku za harusi. Mkewe ndiye aliyemchambua nywele mlangoni kabla hawajatoka, huku akimtania, "Baba watoto, siku moja watu watakukalia."

Mke huyo aliuawa stesheni ya treni, asubuhi ya kawaida kabisa, akienda kumwona mama yake mgonjwa. Vijana wawili waliingia ukumbi wa tiketi na mabegi mgongoni, wakajilipua. Maiti zilikuwa nyingi mpaka hospitali ikazilaza uani na kuzifunika kwa mapazia ya wodi. Sponji alimtambua mkewe kwa kiatu alichomshonea kisigino yeye mwenyewe.

Serikali iliunda tume. Ripoti ilipotoka, Sponji alizima kila mashine karakanani, akamketisha binti yake mkubwa amsomee kwa sauti. Binti alisoma vizuri mpaka akafika kwenye sura ya waliowapa washambuliaji fedha na mafunzo. Hapo akageuza ukurasa, akageuza na mwingine.

"Endelea, mama."

"Hakuna cha kuendelea, baba. Tazama."

Kurasa zilikuwa zimepakwa weusi toka juu hadi chini. Sponji alizigeuza moja moja, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua kitambaa kilichotoboka. Hakupata hata herufi.

Uvumi ulikuwepo, tena mwingi. Watu walitaja nchi rafiki, ile iliyojenga daraja jipya na kuleta mitambo ya hospitali. Walisema ofisa mmoja wa ubalozi wake ndiye aliyewapangia vijana wale nyumba. Lakini ukiuliza nani kasema, kila mtu alimsikia mwenzake.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ofisa wa wizara ya mambo ya nje. Jumapili moja alipita karakanani kusalimia. Sponji akalalamika kama kawaida yake, kwamba pengine chini ya ule weusi hakuna lolote, au kuna kajambo kadogo tu.

"Si kadogo," shemeji akasema, kisha akajiuma mdomo.

Sponji akaweka nyundo chini. "Umezisoma."

"Shemeji, tafadhali."

"Umezisoma! Unakuja hapa unakunywa chai yangu, wapwa zako wanakuchekea, na wewe unajua nani alimuua mama yao?"

"Nimekula kiapo."

"Aliyekufa ni dada yako, tumbo moja!"

"Unadhani nimesahau?" Shemeji alisimama. "Sikiliza. Watu hao hao walio chini ya ule weusi ndio wanaotupa habari za wengine wanaotaka kutulipua. Majuzi tu wametuonya, tukawakamata watu kabla hawajafika sokoni. Tukiwaaibisha hadharani, simu zao zitakatika. Mama wa mtu akifa kesho kwa sababu hiyo, utawaambia nini watoto wake?"

Sponji akaokota nyundo, akaiweka tena chini.

"Nitawaambia ukweli," akasema. "Nyinyi hata huo hamna wa kunipa."

Sponji akaanza kuzidai zile kurasa, na danadana zikaanza. Wizara hii ilimtuma ile, ile ikamwambia arudi hii. Naibu waziri aliwapokea wafiwa vizuri, akawapa soda, akawapa pole, akasema suala ni nyeti. Mjane mmoja akauliza, "Nyeti kwa nani, mheshimiwa?" Naibu waziri akatazama saa.

Kisha duka kubwa la samani likampa Sponji kazi ya kubadilisha vitambaa vya viti vya ukumbi wa serikali. Alivichana vyote, akatoa sponji kuukuu, springi zikabaki wazi. Ndipo alipowaona vibarua nje wakipandisha bendera ya mgeni anayesubiriwa. Ilikuwa ya nchi ile ile. Akafunga zana zake, akaondoka bila kuaga, viti vikiwa uchi.

Alitegemea aibu kubwa. Jioni yake akawasha runinga, akamwona waziri wa nchi ile amekaa raha mustarehe kwenye viti vilivyoazimwa hotelini, akishikana mikono na wenyeji na kusifia udugu usioyumba. Hakuna aliyeuliza viti vya ukumbini vilikwenda wapi. Sponji akazima runinga kwa nguvu mpaka kitufe kikazama ndani.

Wafiwa wakaenda mahakamani kudai kurasa zifunguliwe. Jaji akasema atazisoma kwanza peke yake chumbani. Siku ya uamuzi, watu wakiwa wameshakaa, shemeji aliingia na tai yake shingoni. Mawakili wa serikali wakamsogezea kiti. Akawapita, akaja kwenye benchi la wafiwa, akaketi kati ya Sponji na yule mjane. Ukumbi mzima ukageuza shingo.

Jaji akaingia, akatamka kwamba kurasa zitabaki zimefungwa kwa ajili ya usalama wa taifa na uhusiano mwema na marafiki. Basi, imekwisha.

Nje, kwenye ngazi, shemeji akasema, "Wameniona wote. Kuanzia kesho sina meza pale."

"Nashukuru," Sponji akajibu. "Lakini makalio hayatoi ushahidi. Ungefungua mdomo."

Binti akamvuta mkono. "Baba, mwache mjomba!"

Shemeji akashuka ngazi bila kugeuka. Akahamishiwa ofisi ya mbali ya kutunza mafaili, na kwa muda mrefu hawakupigiana simu.

Rufaa ilizaa matunda ya ajabu. Serikali ilikubali kufungua ukurasa mmoja. Ulipofika, ulikuwa mweusi kama mwanzo, ila maneno mawili yameachwa katikati: *alipokea maelekezo*. Shemeji alikuwa likizo. Binti alimwita bila kumuuliza baba yake.

Sponji akamsogezea ukurasa. "Nani alipokea? Maelekezo ya nani?"

Shemeji aliyatazama yale maneno. Akaukunja ukurasa taratibu, akamrudishia.

"Toka karakanani kwangu," Sponji akasema.

Shemeji hakutoka. Fundi alikuwa anavalisha kochi la mteja, na kitambaa kilikuwa kinamteleza. Shemeji akazunguka upande wa pili, akakishika, akakivuta kikanyooka. Sponji akamtazama kwa chuki, kisha akapiga pini. Wakaendelea hivyo mpaka kochi likaisha, wamenuna wote wawili, na rufaa ya pili haijapangiwa tarehe.