Meza ya Mama kwenye Njia ya Babu

Juzi nilimkuta mkwe wangu, mke wa kijana wangu wa kwanza, anakaanga karanga jikoni kwangu, na mume wangu amekaa kwenye kigoda ubavuni pake anazionja kabla hazijapoa. Wanataniana. Binti anamwambia, "Baba, ukizimaliza hizi, kashata utapika mwenyewe," na mzee anacheka, anachota nyingine. Nilisimama mlangoni. Harufu ya karanga zinazokaribia kuungua ilinirudisha kwa mama yangu, na kile kicheko cha mkwe na mkwewe kilinirudisha mbali zaidi, kwenye jambo ambalo vijana wangu wakilisikia huona ni hadithi tu. Kaa nikusimulie.

Tulikaa mtaa wa Bagamoyo, si ile ya pwani, hapo hapo Tukuyu mjini, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokuwa na bustani nyuma yake. Bustani iliteremka hadi kijitoni. Juu kulikuwa na migomba, katikati tangawizi na maboga, chini kabisa miwa, na mpesheni ulitambaa juu ya ua mpaka ukamfikia jirani. Jirani huyo alikuwa mama wa Kiislamu ambaye mumewe alikuwa na duka la vitambaa. Mama yangu alimruhusu kuchuma pesheni zilizoangukia upande wake, naye akamfundisha mama kupika kashata. Urafiki wao ulianza hivyo, juu ya ua, kila mmoja na kanga yake kichwani, mmoja akitoka swala na mwingine akitoka ibada ya asubuhi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kabla ya hapo sukari tuliipanga foleni kwenye duka la ushirika, na ikipatikana ilifichwa kabatini kama dawa. Kisha mambo yakafunguka. Mitumba ikaja, biskuti zikaja, pipi za karatasi za kung'aa zikaja, na sukari ikakaa wazi kwenye magunia mbele ya maduka, mtu unaiangalia tu unashangaa. Watu waliokuwa hawajawahi kuuza hata kitunguu wakatoa meza barazani. Mama naye akatoa yake.

Vitu vyake vilifuata majira, kama bustani inavyofuata. Kiangazi, jua likikubali kutoka, alianika ndizi mbivu juu ya mikeka hadi zikawa nyeusi na laini kama ngozi, nasi watoto tulikaa tukifukuza nyuki kwa matawi. Mvua kubwa za Machi zikianza, kashata zilitoa jasho na kunatana, hivyo tulizifunga kwenye majani makavu ya mgomba na kuziweka kwenye uchanja juu ya moto. Zilipata harufu kidogo ya moshi, na wapo wateja walioipenda hiyo harufu kuliko kashata yenyewe. Mwezi wa Ramadhani jirani alileta sukari yake na iliki, wakapika pamoja za kufuturia. Kuelekea Krismasi ndiyo ilikuwa kazi kubwa. Karanga zilitoka bondeni upande wa Masukulu, maana kwetu baridi haizitaki, nami nilizipepeta kwenye ungo mpaka maganda yakanijaa nywele.

Lakini sifa ya meza ile ilikuwa ndizi ya tangawizi. Ndizi mbivu kabisa zilipondwa na kukorogwa motoni na tangawizi na maji ya limau, zikakorogwa mpaka mwiko ukasimama wenyewe, kisha zikamwagwa kwenye sinia na kukatwa vipande. Hakukuwa na maziwa humo, wala samli, wala yai. Jirani alimfundisha hivyo, na mama hakubadilisha. Alikuwa akisema maziwa ni ya mtoto na mgeni, hayaendi sokoni. Na wakati wa Kwaresima akina mama wa kanisani waliojinyima nyama na maziwa waliipenda sana meza yetu, hata jirani akamtania mama kwamba Wakristo wanafunga huku mashavu yamejaa.

Sasa nikueleze kuhusu babu, baba yake baba. Alikaa Lufingo na ng'ombe wake, na siku za soko alikuja mjini kwa miguu. Kwa mila yetu ya Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamtaji jina, haketi alipoketi. Akimwona anakuja njiani, anaingia porini mpaka apite. Tuliita *ukutila*, na maana yake ni kuogopa, lakini si woga wa kumwogopa chui. Ni heshima. Ukristo uliilegeza mila hiyo kwa wengine. Kwa mama haikulegea hata uzi. Babu naye alimsaidia: akikaribia nyumbani kwetu alikohoa kuanzia mbali, kikohozi kirefu cha makusudi, ili mama apate nafasi ya kuondoka.

Mama alipotafuta mahali pa kuweka meza, alipewa pembe moja tu iliyokuwa wazi, chini ya baraza la duka la mume wa jirani. Palikuwa pazuri, watu wote wa soko walipita hapo. Na babu alipita hapo.

Miezi ya kwanza tulivumilia. Kikohozi kikisikika, mama alijifunika kanga akaingia uchochoroni nyuma ya duka, nami nikabaki na meza. Babu alipita akiangalia mbele kama askari, ila mimi alinisalimia. "Mke wangu, hujambo?" Ndivyo babu zetu wanavyowaita wajukuu wa kike. Kisha mama alirudi.

Kuelekea Krismasi, mama aliweka jiko la mkaa pale pale mezani, maana harufu ya sukari inayoyeyuka iliita wateja kuliko sauti yoyote. Siku moja sukari ilikuwa imeanza kugeuka rangi, karanga hazijaingia, kikohozi kikasikika. Mama akauacha mwiko akakimbia. Kwa bahati mbaya babu alikutana na rafiki yake mbele ya meza yetu hasa, nao wakasimama kuzungumzia ng'ombe. Unajua wazee wetu wakizungumzia ng'ombe. Nilijaribu kukoroga, mkono wangu haukuweza. Sukari ikawa nyekundu, ikawa nyeusi, moshi ukajaa baraza zima, wateja wakakohoa kumshinda babu. Mwenye duka akatoka na ndoo ya maji. Mama alikuwa nyuma ya ukuta akinusa kila kitu asiweze kutoka.

Habari ilifika Lufingo kabla ya jua kuzama. Wala haikuwa habari ya sukari. Ilikuwa kwamba mkwe ameweka meza kwenye njia ya baba mkwe, anamfukizia moshi. Baada ya ibada ya Jumapili ndugu wa baba walimwita baba kikaoni. Alirudi nyumbani, akala, mwishowe akamwambia mama kwamba ukoo unataka meza iondolewe kabla ya Krismasi.

Pembe nyingine sokoni haikuwapo. Kuondoa meza kulikuwa kuacha biashara, na biashara ile ndiyo iliyokuwa imeanza kutuvalisha viatu vya shule. Jirani aliposikia alikuja mbio. Akasema basi mama ahamie kwake awe mke mwenza, yeye hana mkwe Lufingo. Mama alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Lakini hakubishana. "Mkwe ni mkwe," alisema. "Siwezi kushika biashara kwa mkono mmoja na kuitupa heshima kwa mwingine."

Hakuweza kwenda kuomba radhi mwenyewe. Mtoto ndiye hubeba maneno kati ya mtu na mkwewe. Akanifungia ndizi ya tangawizi kwenye majani ya mgomba, akaomba na mimi tukiwa tumepiga magoti, akanituma: nimwambie babu kwamba mama anaomba msamaha, na meza ataiondoa.

Nilimkuta babu amekaa nje anasuka kamba ya ndama. Nilimsalimu, nikayatoa yale maneno yote kwa pumzi moja kama shairi la shule. Alifungua majani, akauma kipande, akatafuna taratibu akiangalia ng'ombe wake. Niliogopa kwamba amekasirika.

"Mke wangu, hiki kina maziwa ya ng'ombe wa nani?"

"Hakina maziwa, babu."

Akauma tena. "Samli?"

"Hakina."

Akanitazama kama niliyemdanganya. Akauma cha tatu ili ahakikishe. Kisha akawageukia ng'ombe wake na kuwaambia, kwa masikitiko kabisa, kwamba leo wamepata mshindani. Ndipo akacheka, nami nikacheka naye.

Aliuliza mambo mengi. Kama tangawizi tunalima wenyewe, kama mama husimama siku nzima, kama mvua ikinyesha anajikinga na nini. Aliuliza na ile siku ya moshi, nami nikamweleza kwamba sukari haisubiri mtu, ukiiacha kidogo inaharibika. Akaiweka kamba chini. Nadhani alikuwa hajui. Alijua tu kwamba mkwe wake anamkimbia kama inavyopasa, hakujua anakimbia akiacha nini.

Mwisho akafunga vile vipande vilivyobaki, akaviweka mfukoni, akasema, "Kamwambie mama yako hivi. Meza ile ina miguu minne na haiwezi kutembea. Mimi ninayo miwili na naweza. Asiiondoe."

Kisha akanipa fundo la mbegu za tangawizi kutoka shambani kwake, tangawizi nono yenye macho mengi, nikalibeba kichwani.

Nilipofikisha ujumbe mama aliniambia nirudie. Nikarudia. Aliketi chini palepale alipokuwa, akasema "Ndaga," asante, akiwa ameelekea upande wa Lufingo, kama vile angesikika.

Tangu hapo babu alipita njia ya chini, ile inayofuata kijito. Ilikuwa ndefu, na kwa mvua zetu ilikuwa tope tupu. Ndugu walimwuliza kwa nini, naye aliwajibu kwamba anapenda kuangalia maji. Walipoona yeye mwenyewe hana neno, nao wakakosa neno. Krismasi ile tuliuza kila kitu. Babu aliingia kanisani amechelewa, suruali ina matope hadi magotini, na watu wakacheka kidogo. Mama alikuwa upande wa wanawake, ameinamisha kichwa. Hakumwona. Ila alipotoka alisimama mlangoni akaangalia nyayo za matope sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye benchi la wazee, kisha akaomba kitambaa na ndoo akazifuta mwenyewe.

Meza ile ilitusomesha. Tangawizi ya babu ilienea bustani nzima, ikawa ndiyo tunayoipikia. Kila siku ya soko nilikwenda kijitoni na kifurushi cha majani, nikakutana naye kwenye tope, akauliza kama bado hakina maziwa, nikamwambia bado, akatikisa kichwa kwa ajili ya ng'ombe.

Mengi ya yale yamekwisha. Njia ya chini imejengwa nyumba, kijito kimebaki mtaro. Jirani alihamia kwa wanawe pwani. *Ukutila* wenyewe umebaki kwa bibi wachache huko milimani, na sisemi urudi. Nimeona furaha jikoni kwangu na ninamshukuru Mungu kwayo. Ninachowaombea wanangu ni kile kilichokuwa ndani yake: kwamba mtu mkubwa, mwenye haki yote ya njia, alikubali kuzunguka kwa tope ili mtu mdogo abaki na meza yake, na hawakuwahi hata kutazamana.

Babu alipofariki, wazee walimruhusu mama aingie kumuaga. Alimjua kwa miaka yote ile kwa kikohozi chake tu, na kwa sauti. Alisimama karibu na jeneza, akaishusha kanga kutoka usoni, akamtazama kwa muda mrefu. Tulipotoka nje alinishika mkono.

"Kumbe alikuwa mfupi," akasema. "Mimi siku zote nilijua ni mtu mrefu sana."