Nyanya Kwanza, Viazi Baadaye

Depo ile, ghala la mazao, ilikuwa na sheria moja, na mama mwenye depo aliitamka kila asubuhi hata kama hakuna aliyeisahau: "Yenye kuoza, itoke kwanza." Nyanya zilitangulia, kabichi na karoti zikafuata. Vitunguu vilisubiri zamu yao, na viazi vya Bugeshi vilikaa nyuma kabisa, ukutani. Maharage hayakuwa na haraka na mtu. Tulikuwa karibu sana na kizuizi kidogo cha mpaka, hapo Gisenyi, na kina mama waliovusha mizigo kwenda Goma walipanga foleni mapema, vikapu vikiwa tayari. Mimi nilikaa kwenye mizani. Nilipima, nilipakia masanduku, nilijibu mizaha na matusi kwa sauti ileile moja. Kazi ilianza pale mpaka ulipofunguliwa na ikaisha ulipofungwa.

Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania na cheti cha sekondari, nikiamini kazi ya mizani ni ya muda tu. Ule muda ulikuwa umeanza kuota mizizi. Ndipo nikasikia redioni kwamba shule moja ya biashara Kigali inaita watu kwenye mtihani wa kuingia. Kwa umri wangu nilikuwa na nafasi hiyo moja. Mwaka unaofuata wasingenipokea. Nilimweleza mama mwenye depo mara tu alipofika. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Shule ya biashara? Sasa hapa ni shule ya nini, mutoto yangu? Ya kushona?"

Kina mama wa foleni wakacheka naye. Mimi sikucheka. Nilimpenda yule mama, lakini siku ile alinichoma, na nikaapa kwamba mtihani nitaufanya, apende asipende.

Kuapa hakuna kazi. Jioni nilifika kwa mama yangu mzazi nikiwa hoi, umeme mara nyingi umekatika, na kitabu kikaniangukia usoni kabla sijafunua karatasi ya pili. Tena nilikuwa nakisoma vibaya. Nilianza mwanzo kabisa, kama mtu aliyepewa maisha mawili: miji mikuu ya dunia, mito, milima, bahari. Nilikuwa nayajua mengi ya hayo tangu shuleni, na kuyarudia kulinipa raha. Hesabu, ambazo zilikuwa zimenitoroka zamani, nilizipisha kila siku kwa heshima zote.

Kisha siku moja mpaka ukafungwa ghafla, kama ilivyotokea miaka ile bila mtu yeyote kuelezwa kitu. Lori la nyanya lilikuwa limekwisha kushushwa. Mama mwenye depo hakupoteza muda kulalamika.

"Nyanya sokoni, yote! Viazi acha, viazi haiendi popote!"

Tulizibeba mpaka soko la mjini, tukazinadi kwenye barabara za chini karibu na ziwa, tukagonga hata milango ya hoteli zisizokuwa na wageni. Jioni tulirudi na masanduku matupu. Nikaketi juu ya gunia la viazi kupumzisha miguu, na hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Miji mikuu ya dunia ni viazi. Ukiisoma leo, baada ya miezi utaikuta palepale. Kiingereza nilichotoka nacho Tanzania ni maharage. Kanuni za hesabu, riba na asilimia na milinganyo, hizo ndizo nyanya zangu, na nilikuwa naziacha zioze.

Kuanzia kesho yake nikageuza mambo. Kila asubuhi, kabla kizuizi hakijafunguliwa, niligusa hesabu kwanza, kichwa kikiwa bado na nafasi. Ijumaa, mama mwenye depo alipokwenda msikitini na foleni ikapungua, nilifanya maswali mfululizo bila kuinua kichwa. Vitabu vya maarifa ya jumla nilivisoma nikiwa nimechoka, kwa sababu havikuhitaji zaidi ya hapo. Usiku nililala, na wala sikuona haya.

Ila jambo nililojivunia zaidi ni masanduku. Kwenye ubao wa kila sanduku la nyanya niliandika swali kwa mkaa. Sanduku lilivuka kwenda Goma na swali lake, mchana likarudi tupu. Wakati huo nilikuwa nimeshasahau niliandika nini, kwa hiyo nililazimika kulifanya upya huku nikipanga masanduku moja juu ya jingine. Nikikosa, lilivuka tena kesho. Kulikuwa na swali moja la riba lililokwenda Congo mara nyingi kuliko wachuuzi wengine.

Sikufikiria kwamba kizuizini kuna wanajeshi, na ng'ambo kuna vita. Asubuhi moja mwanamke wa foleni alirudi mbio, kitenge kikimtoka kiunoni.

"Wamekamata nyanya! Wanasema iko barua ya siri kwa sanduku!"

Kizuizini nilimkuta mama mwenye depo amefika kabla yangu, amesimama juani karibu na nyanya zake. Askari alikuwa akiuzungusha mikononi ubao alioung'oa kwenye sanduku.

"Hii x ni nani?" akaniuliza.

"Afande, x si mtu. Ni hesabu."

"Kama si mutu, mbona unamutafuta?"

Foleni nzima ilitega masikio. Nilikuwa na hofu kweli. Niliomba kipande cha mkaa, nikachuchumaa, nikaufanya mlinganyo wote mbele yake kwenye ubao uleule, nikieleza kila hatua, mpaka x akapatikana. Askari alinitazama, akautazama ubao, akamwita mwenzake naye autazame. Mwishowe akasukuma sanduku kwa mguu.

"Bon. Pita. Lakini huyo x asirudi hapa."

Nyanya za juu zilikuwa zimeanza kulainika. Tulipofika ndani ya depo, mama mwenye depo alinigeukia.

"Sikia, mutoto yangu. Mi sina depo ya wanafunzi. Siku ya mutihani, ukienda Kigali, kwa mizani nitatia mutu mwingine. Nimemaliza."

Mama yangu na mimi tulikula kutoka kwenye mizani ile. Nilimweleza mama yangu, naye akaendelea kuchambua mchicha, halafu akasema, "Umeshaanza kuoga, usiogope maji." Nikahamishia maswali yangu kwenye vipande vya katoni na kuendelea.

Siku ilipofika nilipanda gari la Kigali. Ukumbini walitugawia karatasi, na wenzangu wakaanza kusoma maswali. Mimi sikusoma kitu. Kwanza niligeuza karatasi ya kufanyia kazi, nikaandika kanuni zote nilizokuwa nazo kichwani, kabla woga haujaziharibu. Nyanya kwanza. Ndipo nikafungua maswali. Riba ilikuwepo, ileile ya msafiri wa Goma, na nilitamani kuiamkia.

Kesho yake nilirudi depo. Kwenye mizani alikaa binti mwingine. Mama mwenye depo hakuniuliza mtihani ulikuwaje. Alinyoosha kidole nyuma, ukutani.

"Kule. Chagua viazi mbovu. Na huyu akikosea, mufundishe."

Iliniuma sana. Kwa wiki nyingi nilichambua viazi nikiwa nimewapa mgongo wote, na kila binti yule alipoita niliinuka, nikamwonyesha jinsi ya kusoma mizani, jinsi ya kumkatalia mteja bila kumpoteza, sanduku gani litoke kabla ya lipi. Nilimfundisha vizuri kwa sababu sikujua kufanya kazi nusu. Lakini kila jioni nilimchukia kidogo.

Majina yalisomwa redioni mchana, foleni ikiwa ndefu. Nilisikia langu nikiwa na kiazi mkononi. Kina mama walipiga vigelegele, na hata binti wa mizani alinikumbatia, maskini, asijue nilivyokuwa nikimwazia. Mama mwenye depo alizima redio.

"Huyu anajua kazi sasa?" aliniuliza, akimwonyesha binti.

"Anajua, Mama."

"Bon. Ungekuwa kwa mizani, angejifunzia wapi? Mi nilijua utapita tangu siku ile ya kizuizi." Akanipokonya kile kiazi, akakirudisha kwenye gunia. "Viazi ni mimi. Mi niko hapa tu. We ni nyanya. Toka."